Nilifungiwa na Mtu Anayenipenda

Wa kanisani Jumapili na wa msikitini Ijumaa, Waswahili wote wa Johannesburg nawasalimu. Wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Mombasa, na nyinyi wa kwetu Tanga mliochelewa leo tena kama kawaida yenu, nawaona, piteni, viti viko nyuma. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa. Wanaonijua wanajua kwamba nusu saa kwangu ni ya kusafisha koo tu. Leo nitajitahidi, maana jambo lenyewe ni zito, na nikizungukazunguka sana nitaanza kulia kabla sijafika mahali pa kulia.

Mnanifahamu kama yule msichana wa maneno mengi anayepanga viti na kugombana na watu wa sufuria. Lakini wengine mnanikumbuka zamani, nilipokuwa nakaa pale ukutani kila Jumamosi, mkoba magotini, pembeni ya mama mdogo wangu, sisemi kitu. Kuna watu humu walidhani mimi ni bubu. Usicheke dada, wewe mwenyewe ulinionyesha chai kwa vidole! Basi leo nawaambia kwa nini nilikuwa vile. Sitamtaja mtu jina, na yule ambaye habari hii inamgusa zaidi nimemwomba ruhusa, amenipa.

Nilikuja Johannesburg mwanzoni mwa mwaka 2016 kusoma Kihispania. Chekeni, nitasubiri. Hata Tanga walicheka. Mjomba wangu alisema, "Kihispania unakwenda kukisoma kwa Wazulu?" Lakini mimi nilikuwa na akili zangu. Nilikaa miezi kadhaa Arusha kwa binamu yangu anayepeleka wageni mbugani, nikaona Wahispania wanakuja makundi kwa makundi na hakuna wa kuongea nao, wanaonyeshwa simba kwa mikono. Nikasema, hii kazi ni yangu. Ulaya kwenyewe hatukuwa na uwezo wa kufika. Hapa palikuwa na chuo chenye idara ndogo ya Kihispania, na zaidi ya yote tulikuwa na ndugu.

Ndugu mwenyewe ndiye huyo mama mdogo. Bibi zangu wawili walikuwa tumbo moja, mmoja akamzaa mama yangu, mwingine akamzaa yeye. Aliolewa na mtu wa huku, mmoja wa wale waliokuwa Morogoro wakipigania nchi yao, na nchi ilipopatikana akamfuata mumewe. Mume alishafariki. Watoto hawakujaliwa. Anashona nguo Yeoville, na nyumba yake iko Observatory, pale kwenye kilima, ukuta mrefu, waya wa umeme juu ya ukuta, na kila dirisha lina nondo.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze kwa wale ambao kwenu halipo. Siku naondoka, uwanja wa ndege Dar, mama yangu alimpigia mama mdogo simu, akaweka sauti kubwa, wajomba na mashangazi wametuzunguka. Akasema, "Dada, nakukabidhi mwanangu, mzima kama alivyo." Na mama mdogo akajibu, watu wote wanasikia, "Nimempokea." Ndugu zangu, kwetu hayo si maneno ya kuagana. Ukishasema nimempokea, mtoto yule akikwaruzwa ukucha utaulizwa wewe. Hukai mbali ukasema sikuwepo. Na yule mtoto naye, kuanzia hapo hana mdomo wa kumlalamikia aliyempokea. Akimlalamikia amemtukana yeye, na amemtukana mama yake aliyemchagua. Mimi nilisimama pale na begi langu, natabasamu, nadhani wanasalimiana.

Alinipokea kweli, sitamsema uongo. Nilikuta kitanda kimetandikwa shuka mpya, koti zito limeshashonwa kwa kukisia tu mwili wangu, na likanitosha. Dagaa alitafuta mpaka kwa Wakongo ili nisikumbuke nyumbani. Usiku wa kwanza alikuja mara kwa mara kuangalia kama nimejifunika.

Jumatatu ya kwanza akaniambia, "Nimekutafutia usafiri wa chuo, gari la mtu ninayemwamini." Nikashukuru. Asubuhi nikasikia honi, nikatoka na vitabu vyangu, nimejipaka na manukato, msichana wa chuo kikuu mimi. Mlango wa gari ukafunguka. Jamani! Ndani watoto wa shule ya msingi, wamevaa sweta, mifuko ya chakula shingoni, wengine meno ya mbele hayajaota. Baba mmoja wa Lubumbashi alikuwa anawapeleka watoto wa mtaa shule na kuwarudisha. Mama mdogo alimwambia anichukue mlangoni na anirudishe mlangoni, kama wenzangu. Kibinti mmoja akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Auntie, wewe uko darasa la ngapi?" Dereva mwenyewe alipata aibu kwa niaba yangu, akaongeza sauti ya redio.

Nilicheka siku ile. Nilidhani ni wiki moja, mpaka nizoee mji.

Watoto walitoka shule saa nane. Na mimi nikawa natoka chuo saa nane. Nikifika, mama mdogo ameacha cherehani yake amekuja kunipokea, tunakula pamoja, halafu anafunga mlango wa grili kwa nje, anaweka kufuli, anarudi kazini mpaka jua linazama. Siku zisizo na darasa anafunga asubuhi. Likizo ni hivyohivyo, asubuhi mpaka jioni. Mara ya kwanza nilimwuliza kwa heshima, "Mama mdogo, huwezi kuniachia ufunguo mmoja?" Akaniambia, "Ukiwa na ufunguo utafungua. Mtu atapiga hodi, atasema yeye ni fundi wa umeme, utamkaribisha na chai. Wewe ni wa Tanga, mimi nakujua." Na kweli ningemkaribisha.

Nisikilizeni, ndugu zangu, kufungiwa na adui ni kitu kingine. Adui unamchukia, unapata nguvu. Mimi nilifungiwa na mtu aliyenipakulia nyama mimi akabaki na mchuzi. Nikianza kukasirika tu, namkumbuka anavyopanda kile kilima na jua la mchana ili nisile peke yangu. Hasira inarudi ndani, inakaa kifuani, inaniuma mimi. Nilikuwa natembea sebuleni, dirisha mpaka mlango, mlango mpaka dirisha. Nilijua kila gari la mtaa ule kwa sauti. Nilikisemesha Kihispania chungu cha wali, kwa sababu hakikuwa na haraka ya kuondoka.

Na nyumbani wakipiga simu? "Unasoma?" Nasoma. "Mama mdogo hajambo?" Hajambo, ananitunza sana. "Mshike sana dada yangu, hapo umepata mama." Ndiyo, mama. Yote yalikuwa kweli, hamna hata neno moja la uongo, na baada ya kukata simu nilikuwa nalala kifudifudi kwenye zulia.

Kuna alasiri moja lazima niwape. Nilibandika maharage, nikakaa na kitabu, usingizi ukanichukua. Nikashtuka moshi umejaa, kitambaa cha jikoni kimeshika moto kando ya jiko. Mwili haukuniuliza, ukakimbilia mlangoni. Nikaikamata ile grili, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote. Kufuli. Nikakimbia dirishani. Nondo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili mzima kwamba nyumba ile haina pa kutokea. Nikalowesha kanga, nikapiga moto kwa kanga, nikamwaga maji, nikapiga tena mpaka ukazima. Halafu nikaenda kubana uso wangu kwenye grili nipate hewa. Gogo wa nyumba ya pili, bibi mmoja mwema sana, akapaza sauti juu ya ukuta kwa Kizulu. Sikumwelewa. Nikajibu, "Sharp, gogo! Sharp!" Machozi na moshi havitofautiani, na mimi nasema mambo safi.

Mama mdogo aliporudi alinusa kabla hajafungua. Alinikumbatia akalia, akanikagua mikono kidole kwa kidole. Nikasema moyoni, sasa basi ameona, leo ataniachia ufunguo. Mnajua alifanya nini? Alichukua mtungi wa gesi akaufungia stoo. Kuanzia siku ile nikawa naachiwa chai kwenye chupa na mkate. Eish! Nilikaa na ule mkate nikaona kwamba nikilalamika tena hata mkate utapunguzwa nisije nikakabwa nao.

Chuoni sasa. Kule walikuwa na utaratibu wao: asubuhi sarufi na maandishi, na saa tisa alasiri wanafunzi wanakaa na mwalimu kwenye benchi bustanini wanapiga soga kwa Kihispania, habari za mpira, habari za wachumba, chochote. Ndipo ulimi unapofunguka. Mimi saa tisa nilikuwa nyuma ya grili. Kwenye karatasi nilikuwa wa kwanza au wa pili. Mdomoni nilikuwa sifuri. Mwaka wa pili ukafika mtihani wa kuongea, na swali lake lilijulikana miaka yote: eleza siku yako ya kawaida.

Siku yangu ya kawaida! Niende nikaseme nini? Nikatunga siku ya mtu mwingine nikaikariri. Eti baada ya darasa nakwenda mgahawani na marafiki zangu, tunatembea, tunaangalia maduka. Nikaingia kwa mwalimu, mama mmoja mtu mzima kutoka Peru, mwenye shali. Nikaanza kumwaga. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, kwa upole tu, "Mgahawa gani? Uko mtaa gani? Huwa unaagiza nini?" Kimya. Akauliza, "Rafiki yako anaitwa nani?" Kimya. Nilikuwa nimekaa mji huu karibu miaka miwili na sikujua jina la mgahawa mmoja, na rafiki niliyekuwa naye ni kile kibinti cha kwenye gari kilichokuwa kimeshaota meno. Nikatoka nimefeli.

Wakaniambia nitarudia mtihani baada ya likizo. Nikifeli tena, masomo yamekwisha, na kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa cha masomo. Maana yake ni kurudi Tanga mikono mitupu, niwaeleze watu kwamba nilikwenda kusoma kuongea nikashindwa kuongea.

Nikakusanya ujasiri, nikamwambia mama mdogo nahitaji kubaki chuo alasiri, kuna watu wanakutana. "Wanakutana kufanya nini?" Kuongea. "Kuongea tu?" Kuongea tu. Akanitazama kama ninayemdanganya mchana kweupe. "Watu wazima wanakutana saa tisa, hawana kazi, wanaongea tu. Hapana, mwanangu. Ongea na mimi." Kwa Kihispania? "Kwani mimi sina mdomo? Nifundishe."

Na alijifunza, jamani! Mwanamke ameshona kutwa nzima, macho mekundu, anakaa na mimi mezani jioni, anasema buenos días, anasema ninaitwa fulani, ninashona magauni. Alikuwa anakunja uso kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano. Aliniuliza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Sasa mtu huyo utamkasirikia vipi? Nilikuwa naingia bafuni, nafungulia maji, nalia, natoka, tunaendelea na somo.

Siku ya kurudia mtihani ilifika. Nilikuwa nimetunga siku nyingine, safari hii na mgahawa wenye jina na mtaa, kibinti changu kilinisaidia kupata majina. Nikakaa mbele ya yule mama wa Peru. Akauliza, "Baada ya darasa huwa unakwenda wapi?" Nikafungua mdomo niseme mgahawani. Sijui kilichotokea, labda nilikuwa nimechoka tu. Nikasema, nyumbani. Akauliza, "Na alasiri unafanya nini?" Nikasema, "Me encierran." Yaani, wananifungia.

Ndugu zangu, mimi sentensi ile sikuwahi kuisema kwa Kiswahili, hata peke yangu, hata bafuni. Kwa Kiswahili nisingeweza. Ningeanza tu kusema mama mdogo ananifungia, namwona mama yangu, namwona bibi, nauona uwanja wa ndege mzima na mashangazi wakinitazama. Kwa Kihispania hapakuwa na shangazi hata mmoja. Maneno yakatoka yenyewe. Nikamweleza gari la watoto, kufuli, maharage, mtungi wa gesi, mkate, dirisha mpaka mlango. Nilikosea sana, nilikuwa natafuta maneno kwa mikono, lakini sikunyamaza. Muda ulikwisha, mtu akagonga mlango, yule mama akamwambia subiri.

Akaniuliza, "Huyo mtu ni mbaya?" Nikasema hapana, ananipenda sana, na hapo ndipo nilipolia mpaka kamasi. Akanipa shali yake nijifute. Akasema, "Mtihani umefaulu, hilo liondoe akilini. Lakini mimi siwezi kukufungulia mlango huo. Mtafute mtu wa kwenu umwambie haya. Na usimwambie kwa Kihispania."

Jumamosi iliyofuata nilikuja hapa. Mama mdogo alikuwa anapima watu magauni ya sherehe kule upande wa pili, nikapata upenyo. Nikamfuata mwenyekiti wetu wa wakati ule, mama wa Bukavu, msusi, wengi mmekaa chini ya mikono yake. Nikamwambia jikoni, na sufuria zinalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini. "Mutoto," akasema, "sasa miaka yote unakaa hapa na siye, juu ya nini hukusema?" Nikasema niliogopa kumwaibisha. Mama mwingine aliyekuwa anaosha vyombo akadakia kwamba aitwe fundi kesho akate kufuli, na polisi waje. Mama wa Bukavu akamgeukia, "Wewe! Ule mama alinishonea nguo ya kuzika bwana yangu, hakunikumbusha hata siku moja kama sikumulipa. Nitamuitia polisi?" Wakagombana pale, nikaogopa mama mdogo atasikia. Halafu akaniuliza, "Ni nani alikuweka mu mikono yake?" Mama yangu. "Basi mama yako ndiye atakutosha mu ile mikono. Nipe namba."

Jumapili alasiri walikuja watatu. Walikuja na sukari, mchele na kanga mbili, wamependeza, ungedhani wanakuja kuposa. Mama mdogo akafurahi, akaweka maji ya chai, akaniambia nitoe vikombe vya wageni. Nikavipanga mezani. Walipokwisha kusalimiana na kuulizana hali zote duniani, mama wa Bukavu akapiga simu, akaweka sauti kubwa, akailaza mezani katikati ya vikombe. Nikasikia sauti ya mama yangu kutoka Tanga.

"Dada," mama akasema, "mimi ndiye niliyekukabidhi huyu mtoto kwa mdomo wangu, na watu walisikia. Leo na hao waliopo hapo wasikie. Umenitunzia. Hana hata mkwaruzo. Sasa nimempokea mwenyewe. Tangu leo hayumo mikononi mwako, yumo mikononi mwake, ni mtu mzima."

Mama mdogo aliweka kikombe chini. Chai inapoa. Nilidhani atanigeukia aniulize nimemsema nini kwa watu. Hakunitazama hata kidogo. Akawa anaitazama ile simu, na akaanza kusema jambo ambalo sikuwa nalijua.

Kabla ya Observatory walikaa Alexandra, yeye na mumewe. Mwaka 2008, zile vurugu za kuwafukuza wageni zilipoanza palepale Alexandra, alikuwa anaishi na mdogo wake wa mwisho, aliyekabidhiwa na mama yao kama nilivyokabidhiwa mimi. Asubuhi moja palikuwa kimya, akamtuma dukani mkate, duka la jirani tu, spaza la kona. Vijana wakamsimamisha, wakamwuliza neno la Kizulu, hakulijua. Alirudi mzima, lakini jicho moja lilikuwa limekwenda. Akampeleka Tanga mwenyewe. Mama yao akamshika yule kijana kidevu, akamtazama, halafu akamgeukia binti yake akauliza, "Mimi nilikukabidhi mtoto mwenye jicho moja?" Hakusema lingine. Mama mdogo hakukanyaga Tanga tena tangu siku hiyo. Mama yangu habari ya jicho alikuwa anaijua. Habari ya swali lile hakuwa anaijua.

Tukasikia mama analia kwenye simu. Mama mdogo hakulia. Akasogeza uso karibu na simu, akasema polepole, "Kwa hiyo kikimpata kitu, hutaniuliza?"

"Sitakuuliza, dada."

"Akitoka asirudi?"

"Sitakuuliza."

"Sema tena, na hawa wasikie."

"Sitakuuliza, dada yangu. Wallahi sitakuuliza."

Ndipo mama mdogo akainama, kichwa mezani katikati ya vikombe, akalia kilio ambacho sijasikia mtu mzima akikilia. Mama wa Bukavu akamfunika mgongo kwa moja ya zile kanga. Nami nikaja kupiga magoti pembeni yake. Nikaelewa kwamba muda wote ule nilipokuwa natembea dirisha mpaka mlango, kulikuwa na mtu mwingine amefungiwa zaidi yangu, tena kwa miaka mingi kuliko mimi, na hakuna aliyemletea sukari wala kanga.

Msidhani Jumatatu niliruka kama ndege. Nilisimama getini na ufunguo wangu mpya, miguu ikagoma. Gari la watoto likapita, wakanipungia, nikatamani kupanda! Mama mdogo akasema, "Nakusindikiza mpaka robot." Tukatembea mpaka pale kwenye taa za barabarani, tumeshikana mikono, sijui nani alikuwa anamshika mwenzake zaidi. Akasema nenda. Nikaenda.

Na mji huu mnaujua, haukunibembeleza. Siku moja karibu na stesheni niliporwa simu, nikasukumwa nikachubuka goti. Nilirudi nyumbani na lile goti nikamwonyesha, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutoficha tena. Aliushika ukingo wa meza mpaka vidole vikabadilika rangi. Hakusema usitoke. Akaleta maji ya chumvi, akanisafisha, akaweka chai. Nadhani hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote maishani mwake, na aliishinda.

Masomo nimemaliza mwaka huu. Arusha wananisubiri, na sasa nina ulimi wa kuwaonyesha watu simba. Mama mdogo Tanga bado hajaenda. Mdogo wake ameanza kumpigia simu, wanazungumza mvua na bei ya nazi, hawajafika kwenye jambo lenyewe. Tuwaombee.

Nawashukuru. Yule mwalimu wa mbali ambaye shali yake sikuirudisha, Mungu amvike nyingine. Mama wa Bukavu na wenzake wawili, hata wewe uliyetaka kukata kufuli, nakushukuru kwa hasira yako, mtu anahitaji mtu wa kukasirika kwa niaba yake. Baba wa gari la watoto, hukuwahi kunicheka. Na nyinyi mnaowakabidhi watoto wenu kwa ndugu, nawaomba: siku mnayosema nakukabidhi, ongezeni na neno la kumwondolea mwenzenu woga. Mwambieni kwamba mtoto anaweza kuumia na wala lisiwe kosa la mtu. Neno hilo mkilichelewesha, mtu atajenga ukuta. Na wewe binti uliyekaa hapo na mkoba magotini, nakuona. Anza kwa lugha yoyote utakayoiweza, lakini sema.

Nimalizie. Juzi nilipomwomba mama mdogo ruhusa ya kusimama hapa, alikuwa anapinda gauni. Alimaliza upindo kwanza. Akasema, "Waambie yote, mwanangu. Ila usiwaambie kwamba nilikuwa mbaya." Mama mdogo, uko pale karibu na mlango, nakuona unavyoinamisha kichwa. Inua kichwa, mama. Mwalimu aliniuliza hilo nikiwa nimejaa uchungu wote, na hakuna mtu wa kwetu hata mmoja wa kunisikia, na nilimjibu hapana.